Mashoto wa Madawati Mabovu

Jina la Mashoto alipewa na shangazi yake, na hakupewa kwa mapenzi. Kila jioni mtoto akikaa kuandika kazi ya shule, shangazi alichukua kipande cha shuka kuukuu, akamfunga mkono wa kushoto kiunoni kwa mafundo mawili, kisha akamtia penseli katika mkono wa kulia. Mkono wa kulia ulikuwa mjinga kama mgeni asiyejua choo kilipo. Herufi zake zililala, zikapanda, zikagongana. Ule wa kushoto ulikaa pale kiunoni umefungwa, ila haukunyamaza. Vidole viligonga ubavu, ta-ta, ta-ta-ta, hadi shangazi akasema, "Haya, Mashoto keshaanza," na jina likaganda.

Akakua. Akajifunza kuandika kwa mkono wa kulia kama walivyotaka wakubwa, akafaulu, akaenda chuo cha ualimu. Lakini hasira yake yote ilibaki kushoto.

Pale chuoni palikuwa na stoo nyuma ya jiko, imejaa madawati yaliyovunjika hadi darini. Siku moja aliingia kutafuta ubao wa kutengenezea kitanda chake, akakuta vijana watatu wanagombana. Mmoja alikuwa mwimbaji, wanamwita Pamba kwa sababu hata suruali ya kufulia nguo aliipiga pasi. Wa pili alipiga gitaa, mtu mpole wa kuinamisha kichwa, jina lake Nyuzi. Wa tatu alipiga gitaa zito, na kwa hiyo akaitwa Besi, na kwa kuwa hakupenda maneno hakupinga. Walikuwa na nyimbo, walikuwa na jeuri, na walikuwa na seti ya ngoma iliyoachwa na bendi ya zamani ya chuo. Mpigaji hawakuwa naye. Kila mmoja alikuwa anamsukumia mwenzake.

Mashoto hakuuliza mtu. Alizivuka ngoma, akazihamisha moja moja. Matoazi ya mguu akayatoa kushoto akayapeleka kulia, ngoma kubwa akaisogeza chini ya mguu wa kushoto, akaketi.

"Dada, umeziweka kinyume," Pamba akamwambia.

"Kinyume na nani?" akajibu, akaanza kupiga.

Hakuwa amewahi kupiga ngoma maishani mwake, lakini mkono ule ulikuwa umefanya mazoezi miaka yote, ubavuni. Uliporuhusiwa kutangulia, ulitangulia kama ng'ombe aliyefunguliwa zizi. Nyuzi alisahau kufunga mdomo. Hapo ndipo bendi ilipozaliwa, na wakaiita Madawati Mabovu, kwa heshima ya waliokuwa wakiwasikiliza.

Stoo ilikuwa finyu. Wale watatu walilazimika kusimama wakimtazama yeye, migongo imeegemea mlango. Kelele zilipokuwa nyingi hakuna aliyemsikia mwenzake, wakabuni njia yao: kila wimbo ulianza kwa kuutazama mkono wa kushoto wa Mashoto. Kijiti kikipanda hadi sikioni, wote wanavuta pumzi. Kikishuka, wameingia. Ubeti ukiisha ni hivyo hivyo, mwisho wa wimbo ni hivyo hivyo. Hata walipoanza kuitwa kwenye sherehe za vyuo vingine na kupanda majukwaa mapana, Pamba aliimba amekaa upande upande, jicho moja kwa watu na jicho moja kwenye kijiti. Wasichana walidhani ni maringo. Yalikuwa si maringo, ni woga wa kupotea.

Nyimbo zao zilikuwa nyepesi, za kuimba ukifua: mapenzi ya bwenini, barua isiyojibiwa, taa kuzimwa kabla mtu hajamaliza kusoma. Alikuja bwana mmoja mwenye studio na viatu vinavyong'aa, akataka waongeze wacheza shoo na wapunguze maneno. Wakamkatalia. Walitundika magodoro madirishani pa stoo ileile, wakajirekodi wenyewe, wakatoa kaseti yao wenyewe. Redio zikaipenda. Ukipita mtaani ungesikia mtoto anatumwa dukani huku anaimba wimbo wao na kusahau alichotumwa.

Sasa njoo kwenye kava la kaseti, maana hapo ndipo uchuro ulipoanzia.

Walipiga picha stooni, wote wanne na vyombo vyao. Mchapishaji alipoiona alisema huyu binti kakaa vibaya, ngoma hazikai hivi, watu watafikiri hajui kupiga. Akaigeuza picha, kushoto ikawa kulia. Kwa kumponya Mashoto akawatia ugonjwa wengine: Nyuzi na Besi wakaonekana wanashika magitaa kwa mkono wa kushoto, na shati la Pamba, yule mtu wa pasi, vifungo vikahamia upande wa kike. Hakuna aliyeona. Watu waliona tu binti mrembo nyuma ya ngoma, amekaa sawasawa, wakasema lazima ni msichana wa matangazo, amekodiwa kuketi pale.

Mashoto alipoishika kaseti ile mkononi alihisi lile shuka kuukuu kiunoni. Akawaambia makava yachapwe upya.

"Watu hawaangalii mikono," Pamba akamjibu. "Wanaangalia sura. Na sura umetoka vizuri."

Besi akanyamaza, ndiyo kazi yake. Nyuzi naye akanyamaza, na kunyamaza kwa Nyuzi ndiko kulikomuuma, maana wakati huo walikuwa wameshachumbiana.

Wakaoana baada ya chuo. Wote wawili wakapata kazi ya kufundisha, na mwisho wa juma wanapanda jukwaani. Mimba ilipoingia hakuacha kupiga, tumbo likatangulia ngoma, hadi Pamba akaanza kusema shemeji apumzike. Alikuwa hajawahi kumwita shemeji. Neno hilo lilikuja na mimba. Siku moja mumewe alimpeleka stooni, akamwambia apige kila ngoma peke yake, moja moja, na kila toazi, huku yeye anarekodi. "Tuweke ukumbusho," alisema. "Ili mtoto aje akusikie." Mashoto akapiga. Alipiga kwa upendo, mjinga yule, kila ngoma akaipa haki yake.

Mtoto wa kike alipozaliwa na kupata nguvu, mama alimbeba mgongoni akaenda kuwaona wenzake kwenye onyesho, bila kuwaambia. Alifika wimbo umeshaanza. Akasimama nje ya ukumbi, karibu na mlango wa wapishi, akasikiliza. Ngoma zilikuwa zinapigwa. Na mpigaji alikuwa yeye. Mtu huijua mikono yake kama anavyoijua harufu ya nyumba yake. Alichungulia: jukwaani hapakuwa na ngoma hata moja. Palikuwa na meza ndogo, na juu yake mashine kama kikokotoo kikubwa, imelishwa zile ngoma za ukumbusho, na Pamba anaibonyeza kwa kidole kimoja, uso mzima kwa watu. Hakuwa anamtazama mtu yeyote tena. Hakuwa na haja.

Mtu akifukuzwa atalalamika. Akiibiwa atapiga yowe. Lakini mtu aliyetolewa mahali pake na kivuli chake mwenyewe, huyo atamshitaki nani? Alirudi nyumbani mtoto akiwa amelala mgongoni. Nyuzi aliporudi alimkuta anakatakata vitunguu. Vilikuwa vingi kuliko chakula.

Kuanzia siku ile nyumba iliendeshwa kwa kisu na ubao. Nyuzi alijifunza kusikiliza kutoka mlangoni: kisu kikienda ta-ta, ta-ta, mambo ni shwari; kikienda bila kupumua, ni heri arudi kumtembelea jirani. Hawakuligusa jambo lenyewe. Bendi iliendelea, ikapanda, ikashuka, ikabaki ya kualikwa kwenye harusi za watu waliosoma zamani. Pamba akawa mtangazaji. Besi akafungua duka la vigae, na zile ngoma zikawekwa kwenye ghala lake chini ya turubai. Mashoto akawa mwalimu wa darasa la kwanza, na sifa yake ikajulikana: ukimlazimisha mtoto wa mashoto kushika penseli kwa mkono wa kulia mbele yake, utajua kwa nini wazazi wengine humwogopa.

Nyumbani hakuzungumzia bendi. Binti yake alijua tu kwamba mama aliwahi "kuwa nao", kama watu wanavyowahi kuwa kwenye kwaya.

Hadi chuo kilipotimiza miaka yake mingi na kujenga ukumbi mpya, wakataka Madawati Mabovu waje wauzindue, na televisheni itakuwepo. Pamba alikuja nyumbani yeye mwenyewe, miwani ya jua ndani ya nyumba, harufu yake imemtangulia. Alileta ile kaseti ya zamani aionyeshe familia. Akakaa kwenye kochi, akaeleza kwa raha. Watu wanataka kuwaona wote wanne kama kwenye kava. Kwa hiyo shemeji atakuja, ataketi kwenye ngoma, na hana haja ya kuhangaika.

"Mashine itapiga yote," alisema. "Wewe utikise mikono tu, shemeji. Tabasamu kidogo. Nani atajua?"

Mashoto akamgeukia mumewe. "Na wewe ulilijua hili?"

Nyuzi alikuwa anazitazama ndala zake kana kwamba zimeandikwa.

Binti yao, ambaye sasa naye alikuwa anasoma chuo, alikuwa ameichukua kaseti mezani. Aliitazama, akamtazama mama yake, akaicheka kidogo kwa mshangao. "Kumbe huyu ni wewe? Mimi siku zote nilijua ni dada fulani wa kupigwa picha. Maana huyu anatumia mkono wa kulia."

Mtu aweza kuvumilia kusahauliwa na dunia, dunia ina mambo mengi. Lakini huyu mtoto alikuwa mgongoni mwake siku ile, na masikio yake mawili yalizisikia ngoma za mama yake, na leo hajui kama mama yake aliwahi kuzipiga. Pale pale Mashoto aliamua. Atapiga, kwa mkono wake, mwanawe akitazama. Au wapige mashine yao mbele ya kiti kitupu.

"Nitakuja," akamwambia Pamba.

"Nilijua tu. Shemeji ni mtu wa watu."

Akaenda jikoni. Nyuzi alisikia kisu, na hakikupumua.

Tangu siku hiyo, akitoka shuleni alipitia ghala la vigae. Mara ya kwanza Besi alimwona mlangoni, mikono ina chaki, akamtazama usoni, kisha akaenda kuvuta turubai. Mikono ilikuwa imeota kutu. Viganja vilitoka malengelenge, mguu ukakaza usiku. Wateja walimwuliza Besi nani anavunja vigae huko ndani. "Mwenye navyo," alijibu, na hayo ndiyo maneno marefu aliyosema wiki ile. Nyuzi aliyaona yale malengelenge mezani wakila. Alifungua mdomo, akautia chakula.

Siku yenyewe ilikuwa alasiri ya jua kali. Ukumbi mpya ulinuka rangi. Mashoto alifika mapema na binti yake, akiwa na vijiti ndani ya mkoba wa madaftari. Jukwaani mpambaji alikuwa amemaliza kazi yake na anajipongeza: alikuwa ameikuza picha ya kava ikawa kubwa kama ukuta, na mbele yake amepanga vyombo kila kimoja mahali pake, kama pichani. Ngoma zilikuwa zimepangwa kwa mtu wa mkono wa kulia. Matoazi ya mguu yalikuwa kushoto. Kwenye meza ndogo karibu na kipaza sauti, mashine ilikuwa imewaka taa yake ya kijani.

Mashoto aliweka mkoba chini, akaanza kuzihamisha.

"Mama, mama, unaniharibia," mpambaji akaja mbio. "Tazama picha."

"Picha imegeuzwa."

"Picha inageuzwaje, mama yangu?"

"Tazama shati la yule bwana. Kavaa la dada yake?"

Mpambaji alitazama vifungo vile, vikubwa sasa kama sahani. Alijaribu kutocheka akashindwa. Kisha akashika upande mmoja wa ngoma kubwa, akamsaidia kuisogeza. Binti alikuwa amekaa kiti cha mbele, anatazama yote hayo.

Pamba alipoingia na wenzake aliona kabla hajafika jukwaani. Akapanda akitabasamu, kwa sababu watu walishaanza kukaa na kamera zilikuwa zinapimwa, akaongea kwa meno. "Shemeji, tulikubaliana nini?"

"Mimi nilisema nitakuja. Nimekuja."

"Hujapiga ngoma tangu enzi za kaseti. Utatuaibisha mbele ya watu wote hawa. Kwa ajili ya nini? Kwa ajili ya mkono?"

"Nisikilize vizuri," Mashoto akasema, na hakupandisha sauti. Wanafunzi wake wangekwambia hapo ndipo pa kuogopa. "Kabla sijawa shemeji yako nilikuwa mpiga ngoma wako. Ulikuwa huwezi kufungua mdomo mpaka huu mkono ukuruhusu. Iwashe mashine yako, sitaigusa. Lakini na mimi nitapiga, na nitapiga kwa nguvu. Tuone leo ni Mashoto gani atasikika."

Pamba akamtazama Nyuzi: mwambie mkeo. Nyuzi alikuwa anafunga waya wa gitaa lake, na uliendelea kukataa kufungika.

Mkuu wa chuo alisema yake, akapigiwa makofi, na wakaanza. Pamba aliibonyeza mashine kwa kidole chake kimoja. Ngoma zikalia, safi, changa, za msichana mwenye mimba aliyepiga kwa upendo stooni. Na juu yake zikaja ngoma za mwanamke wa makamo mwenye malengelenge. Hazikulingana hata kidogo. Msichana alikuwa anakimbia, mama alikuwa anatembea na kukanyaga. Ilikuwa kelele ya duka la sufuria likiporomoka. Watu waliangaliana. Besi aliacha kupiga, akasubiri kama mtu anayesubiri mvua ipite. Pamba alianza ubeti, akapotea, akaanza tena, jasho likaanza kupita kwenye shati lililopigwa pasi. Mashoto hakuacha. Alimpiga yule msichana wa ndani ya mashine kwa uchungu wote, na alikuwa anampenda pia, maana ni nani mwingine aliyewahi kumtendea haki?

Hapo Nyuzi alisogea. Hakutazama mtu. Alivuka jukwaa na gitaa lake shingoni, akafika kwenye meza ndogo, akachomoa waya. Taa ya kijani ikazimika.

Zikabaki ngoma za Mashoto. Nzito, za kukanyaga, na mara nyingine zinachelewa nusu pumzi, lakini zilikuwa za mtu aliye hai. Mashoto alizipiga peke yake kwa muda, makusudi, awaache wasikie. Pamba alisimama na kipaza sauti mkononi, mdomo wazi, hajui aingie wapi. Mashine ilikuwa haipo ya kumwingiza. Watu wanamtazama. Kamera inamtazama. Na yule mtu aliyesema watu hawaangalii mikono akageuza shingo polepole, akawapa watu upande, akautafuta mkono wa kushoto.

Mashoto alimwacha asubiri. Kisha kijiti kikapanda hadi sikioni.

Watatu wakavuta pumzi.

Wimbo ulipokwisha watu wazima waliokuwa wamesoma enzi zile walisimama wakipiga kelele, wengine wanafuta macho, kwa kuwa hawakuwa wameisikia bendi ile tangu iondoke stooni. Pamba aliinama kupokea makofi, akainama zaidi kuliko wote, na baadaye akawaambia watu wa televisheni kwamba lilikuwa wazo lake. Mwache. Mbwa akizoea jikoni huona sufuria ni yake.

Binti alipanda jukwaani, akaishika ile mikono, akaigeuza viganja juu. Mkono wa kushoto ulikuwa unatoka damu kidogo.

"Kwa nini hukuniambia?" aliuliza.

"Nimekwambia leo," mama yake akamjibu.

Usidhani aliwasamehe. Watu hupenda hadithi ziishe kwa watu kukumbatiana, na Nyuzi naye aliitegemea hiyo, maana njiani kurudi alimwambia mkewe kwamba ule waya aliuchomoa kwa ajili yake.

"Uliuchomoa leo," Mashoto akasema. "Uliuchomeka ukiwa na akili zako timamu, ukaniambia ni ukumbusho wa mtoto. Nimeuona mkono wako leo, asante. Na ule wa siku ile niliuona pia."

Kesho yake Nyuzi alikwenda kwa Besi, na wawili hao wakazileta ngoma nyumbani kwa mkokoteni. Mashoto alisimama katikati ya sebule akawaelekeza. Kochi, lile alilokalia Pamba na miwani yake, likatolewa uani. Ngoma zikakaa pale, matoazi ya mguu upande wa kulia, ngoma kubwa chini ya mguu wa kushoto. Wageni wanaokuja siku hizi hukaa kwenye vigoda, na anayelalamika huulizwa kama ana uhakika alialikwa.

Vitunguu sasa hukatwa na Nyuzi. Anavikata polepole, bila mdundo wowote, na kutoka sebuleni mkewe humwambia arudie.